Je, wajua kwa nini mji wa Natchitoches una mto usiotiririka?

Katikati ya mji mdogo wa Natchitoches, jimboni Louisiana kusini mwa Marekani, kuna maji membamba yanayopinda huku na huko kwa zaidi ya kilomita 50. Ukiyaona kwenye ramani utaapa kwamba ni mto. Wenyeji nao huyaita Cane River. Lakini dondosha jani majini siku isiyo na upepo: litakaa papo hapo. Hakuna mkondo wa kulibeba.

Mto ulikuwapo, tena mkubwa. Red River ndio uliokuwa ukipita hapo, ukiwa umebeba tope jekundu kutoka mbali magharibi. Kisha ukauhama mji. Wafanyabiashara wa siku zile waliona wamepatwa na msiba, lakini karibu kila kinachowavuta wageni Natchitoches leo kimetokana na kuhama huko.

Mji wenyewe (jina hutamkwa “Nakitish”, na linatokana na watu wa asili wa jamii ya Wacaddo) ulianzishwa mwaka 1714 na Mfaransa Louis Juchereau de St. Denis, miaka 4 kabla ya New Orleans. Alikuwa akitafuta njia ya kufanya biashara na Wahispania waliokuwa upande wa Mexico. Hapo ndipo mashua zilipokomea, kwa kuwa mbele mto ulikuwa umezibwa na magogo.

Si magogo mawili matatu. Kingo za Red River ni za udongo laini; maji yakijaa hubomoka na miti huanguka mtoni. Kwa karne nyingi miti hiyo ilinasana, tope likajaa katikati yake, na mingine mipya ikaota juu. Lundo hilo, lililoitwa Great Raft, lilifikia urefu wa zaidi ya kilomita 160. Lilikuwa pia likisogea polepole: upande wa chini magogo yalioza na kuchukuliwa na maji, upande wa juu yakaongezeka mapya. Mwaka 1833 nahodha Henry Shreve alianza kuling'oa kwa meli maalumu za mvuke, na kufikia 1838 alikuwa amefungua njia. Mji wa Shreveport umepewa jina lake.

Mto wenye tope jingi namna hiyo hauna uaminifu. Katika miaka hiyohiyo ya 1830, maji mengi ya Red River yaliingia kwenye mkondo mwingine, kilomita chache mashariki ya mji. Mkondo wa zamani ukabaki na maji haba, meli zikawa zinafika msimu wa mafuriko tu, na mizigo mingi ikawa inashushwa Grand Ecore, kaskazini kidogo. Biashara kubwa ikapanda hadi Shreveport. Mwanzoni mwa karne ya 20 mkondo uliokufa ulizibwa, ukawa ziwa.

Mji usio na pesa nyingi haubomoi majengo yake ili ujenge marefu zaidi. Ndiyo maana Front Street, barabara inayotazama maji, bado imetandikwa matofali, na maduka yake yana roshani za chuma zilizosukwa kwa ustadi. Mwaka 1984 eneo hilo la kale lilitambuliwa na serikali kuu kuwa alama ya kihistoria ya taifa.

Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 18,039. Zaidi ya nusu yao ni Wamarekani weusi, na wanafunzi wa Northwestern State University, iliyoanza mwaka 1884 kama chuo cha ualimu, huuchangamsha mji sana. Ila takwimu hazionyeshi Wakrioli wa Cane River, watu wenye asili ya Afrika, Ufaransa na wenyeji wa Amerika, ambao wengi hufuata nasaba yao hadi kwa mwanamke mmoja, Marie Thérèse Coincoin. Alizaliwa mtumwa hapo Natchitoches mwaka 1742. Alizaa watoto 10 na Mfaransa Claude Thomas Pierre Metoyer, aliyemwacha huru mwaka 1778. Coincoin akalima tumbaku, akafuga ng'ombe, na pesa alizopata akazitumia kuwakomboa watoto wake waliokuwa bado utumwani. Habari yake ina upande mchungu pia: yeye mwenyewe alikuja kumiliki watumwa, na wanawe wakawa na mashamba makubwa yaliyotegemea utumwa. Kanisa la ukoo huo, St. Augustine, lipo Isle Brevelle kusini mwa mji, na kila Oktoba hufanya sherehe yake.

Septemba ni zamu ya tamasha la chakula kinachobeba jina la mji: unga wa ngano uliokunjwa nusu mwezi, ndani nyama ya kusaga, vitunguu na pilipili hoho, kisha hukaangwa. Ni ndugu kabisa wa sambusa. Asiyekula nguruwe aulize kwanza, maana nyama yake kwa kawaida huchanganywa na ya ng'ombe. Julai chuo kikuu huwa mwenyeji wa tamasha la muziki na kazi za mikono za Louisiana.

Lakini kubwa kuliko yote ni la Krismasi, lililoanza mwaka 1927 kwa taa chache za umeme mtaani. Siku hizi taa ni zaidi ya 300,000, na mapambo makubwa ya mwanga husimamishwa ukingoni mwa ziwa. Maji yaliyotulia huonyesha kila taa mara mbili. Mto wenye kasi na tope ungelivuruga pambo lote. Jumamosi ya kwanza ya Desemba watu humiminika kwa maelfu mengi kushuhudia gwaride mchana na fataki juu ya maji usiku. Anayetaka kulala mjini wikendi hiyo aweke chumba mapema sana. Akikosa, asikate tamaa: taa huwashwa tangu Novemba na huzimwa baada ya tarehe 6 Januari, siku ambayo Louisiana huanza msimu wa sherehe nyingine, Mardi Gras.