Stori za uvumilivu na familia: watu wanavyozidhania na zilivyo kweli

Ukimwambia mtu unatafuta hadithi ya uvumilivu na familia, ya kusoma na mtoto na wewe mwenyewe usisinzie, utaletewa ileile: yatima kateswa, kanyamaza, mwisho kaolewa na mtoto wa mfalme. Ukienda kwenye hadithi zenyewe za pwani mambo ni mengine kabisa. Nachukua mbili tu, Sultani Majinuni na Sultani Darai, zote zilisimuliwa na watu wa Zanzibar, mmisionari Mwingereza Edward Steere akaziandika, kitabu kikatoka London 1870, Kiswahili ukurasa huu na Kiingereza ukurasa wa pili.

Dhana: mvumilivu ni yule anayekaa kimya mpaka Mungu afungue

Hapana bwana. Sultani Majinuni ana mtende wake, tende zikiiva tu ndege anakuja usiku anazimaliza. Ana watoto saba wa kiume, anawatuma kulinda mmoja mmoja, wote wanalala, asubuhi mtende mtupu. Anabaki wa mwisho, Mkaajikoni, jina tu linajieleza, kutwa yuko jikoni na baba yake anamwona si lolote. Huyo ndo anaenda na mahindi na mchanga, usingizi ukimjia anatia mdomoni anatafuna, mchanga unamkereketa kwenye meno, macho yanafunguka, na anamkamata ndege. Angalia alichofanya, hakusema "mimi silali" kwa kujipa moyo, alishajua atalala kama kaka zake kwa hiyo akajiandaa mapema. Huo ndo uvumilivu wenyewe, una mipango ndani yake, na mtoto wa miaka sita anauelewa bila kuhubiriwa.

Dhana: kwenye hizi stori mzazi ndo mwenye akili siku zote

Sultani huyohuyo ana paka. Paka kala ndama, watu wanakuja kushtaki, sultani anajibu paka wake na ndama wake, sasa wao wanalalamika nini? Kala mbuzi, jibu lilelile. Inapanda hivyohivyo, ng'ombe, ngamia, mpaka watoto wa watu, na bado mzee hataki kusikia, mpaka siku mnyama anawageukia watoto wake mwenyewe ndo anashtuka eti huyu si paka tena, ni Nunda mla watu. Hapo mtoto anacheka paka anavyokula kila kitu, lakini mtu mzima aliyekaa pembeni akijifanya hasikilizi anajua fika anaambiwa nini kuhusu wakubwa na vipenzi vyao. Kwa hiyo hata ile ya "hadithi ni za watoto" ifie hapahapa, aliyetunga kipande hiki alikuwa na watu wazima kwenye baraza yake.

Dhana: familia yenye upendo inakusifia kwa kila unachofanya

Hii ya siku hizi, na ndo inaniudhi kuliko zote. Mkaajikoni anaondoka kwenda kumuua Nunda, mama yake analia hataki aende lakini kijana anaenda. Anaua mbwa, anamburuta mpaka nyumbani anaimba mama nimemuua Nunda mla watu, mama anachungulia dirishani anamjibu kwa wimbo, mwanangu, siye huyu. Anarudi porini. Analeta fungo, mnyama wa porini mfano wa paka, siye. Punda milia, siye. Twiga, kifaru, tembo, jamani tembo mzima, na mama bado anasema siye. Hamtukani wala hamcheki, ila hamdanganyi. Na kijana ameshaelezwa Nunda alivyo, masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, madoa mawili kama ya fungo, mkia mnene, ndo maana alipomkuta mwenyewe alikagua alama moja moja kabla hajamshambulia. Msimulizi mzuri anawaachia watoto waimbe wao hilo jibu la mama, na ndo dawa ya woga pia. Wanaosema stori za mazimwi zinawatisha watoto hawajawahi kusikia chumba kizima kikipiga kelele "siye huyu!" huku kila mmoja akisubiri mnyama mkubwa zaidi.

Dhana: ukivumilia na ukatenda wema, mwisho utalipwa

Sultani Darai inakukatalia kabisa. Maskini anachakura jaani, anaokota sarafu ya thumuni, ananunua paa, yule swala mdogo. Paa anasema kama mtu, anahangaika kwa ajili ya bwana wake mpaka anamwozesha binti wa sultani, anapigana na joka la vichwa saba ampatie jumba. Halafu paa anaugua, na yule tajiri mpya anaagiza apikiwe uji wa mtama, chakula cha kumdharau, huku mkewe analia na kumsihi. Paa anakufa. Bwana anakuja kuamka yuko jaani tena anachakura. Aliyevumilia hakupata kitu, aliyenufaika akanyang'anywa vyote, na hakuna anayekuja kukubembeleza.

Eti hizi ni za kwetu tupu, au eti zote zimetoka Arabuni? Bandari ya Zanzibar ilipokea majahazi kutoka kila upande, stori zilichanganyika kama watu walivyochanganyika, tusipoteze muda.

Kama unaye mdogo anza na Nunda, na usiogope kuirudia usiku kwa usiku. Ya paa ngoja afike umri wa kuuliza kwa nini yule bwana alikuwa vile, na ujue utaulizwa wewe.