Ombi la wananchi ni nini, na kwa nini si sawa na kero

Neno "kero" tumelizoea. Katika mkutano wa mtaa, mwenyekiti akishamaliza kusoma mapato na matumizi, mkono wa kwanza kunyooshwa huwa ni wa kero: maji hayatoki, taka hazizolewi, na ile barabara ya mbele ya shule. Watu wanaguna, mtendaji anaandika kwenye daftari, mkutano unafungwa kwa dua. Mkutano unaofuata kero ni ileile, mwandiko tu ndio umebadilika.

Ombi la wananchi ni jambo jingine. Ni andiko ambalo watu wengi wanalipeleka kwa pamoja kwenye mamlaka yenye uwezo wa kutenda, wakitaka kitu mahususi kifanyike, na chini yake wameweka majina na saini zao. Wengine huliita petisheni. Ofisini utasikia zaidi "barua ya wananchi". Kero inaeleza maumivu. Ombi linamtaja tabibu na dawa anayotakiwa kuitoa. Wala ombi si malalamiko: konda akimsukuma mwanafunzi mlangoni, yale ni malalamiko dhidi ya mtu aliyekosa, na yana njia yake.

Desturi hii si ngeni kwetu. Mwaka 1951 Wameru wa Tanganyika walipoondolewa kwenye ardhi yao ya Engare Nanyuki ili ardhi hiyo wapewe walowezi wa Kizungu, waliandika na kuandika, na mwaka 1952 mwakilishi wao, Kirilo Japhet, akafika New York kulieleza shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, yaani Uingereza iliitawala chini ya uangalizi wa Umoja huo, na wenyeji wake waliruhusiwa kupeleka maombi huko. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule, lakini sauti yao ilifika mbali. Leo msingi uko kwenye Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977: ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki katika uamuzi wa mambo yanayomhusu, na ibara ya 146 inasema serikali za mitaa zipo ili kuwapa wananchi madaraka. Majirani zetu Kenya wamekwenda hatua zaidi. Sheria yao ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 ina vifungu vinavyompa mwananchi haki ya kupeleka ombi kaunti na kuibebesha mamlaka wajibu wa kulijibu. Kwetu ombi linatembea zaidi kwa barua na vikao.

Na hapo kwenye kutembea ndipo mengi yanapofia. Niliwahi kuwasaidia majirani kuandika barua ya matuta mbele ya shule ya msingi. Saini zilijaa kurasa nne, wengine waliweka dole gumba. Tukaipeleka halmashauri kwa mbwembwe. Wiki kadhaa baadaye tukajibiwa kwa ufupi kwamba barabara ile si ya halmashauri. Barua ilikuwa nzuri, anwani ndiyo mbovu.

Kwa hiyo swali la kwanza, kabla hata ya kutafuta kalamu, ni hili: barabara hii ni ya nani? Barabara kuu na za mkoa zinasimamiwa na TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Barabara za wilaya, yaani zile za kuingia mitaani na vijijini, tangu mwaka 2017 ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, nayo iko TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Halmashauri si mtekelezaji tena wa barabara hizo, ingawa baraza la madiwani bado ni mahali ambapo vipaumbele vyake hujadiliwa. Kwa macho huwezi kujua. Lami ni lami. Muulize mtendaji wa kata au diwani. Ukikosea hapo utapigwa danadana mpaka uchoke, na hakuna atakayekuwa amekudanganya.

Swali la pili ni unataka nini hasa. "Tunaomba usalama wa watoto wetu" ni dua, na mhandisi hawezi kuipigia hesabu. Mwandikie hivi: "Tunaomba kivuko cha pundamilia na tuta kila upande, kati ya geti la shule na kituo cha daladala, pamoja na kibao cha mwendo wa 50." Hapo anaweza kuchukua futi kamba akaenda. Eleza watoto wangapi wanavuka, saa ngapi, na wanavukia wapi. Wahesabuni wenyewe: watu wawili wakae pale asubuhi na mchana siku tatu, wakiwa na daftari. Hesabu ya namna hiyo ina uzito kuliko kurasa kumi za masikitiko.

Dawa pia si lazima iwe ghali. Dar es Salaam, Amend, shirika la usalama barabarani, lilifanya mradi wa SARSAI wa kukagua na kurekebisha barabara za karibu na shule, uliotunukiwa tuzo ya kimataifa ya WRI Ross, inayotolewa kwa miradi inayobadili miji, mwaka 2019. Walikagua mazingira ya shule moja moja na kurekebisha vitu vidogo: njia ya miguu, nguzo fupi za kuzuia magari yasipande kando, matuta, kivuko, na mahali pengine waliligeuza geti la shule lisifungukie barabara kubwa. Nimelipenda zaidi hilo la geti. Mtoto aliyesikia kengele hatazami kushoto wala kulia, anakimbia. Geti likiwa uchochoroni, mbio zake zinaishia uchochoroni.

Usafiri wa shule una anwani tofauti kabisa. Nauli na leseni za daladala ziko LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Mwanafunzi wa mjini amelipa shilingi 200 kwa miaka mingi huku nauli ya mtu mzima ikizidi kupanda, na hesabu ya konda ni rahisi: kiti kimoja cha mtu mzima ni wanafunzi wawili na zaidi. Ndiyo maana saa 12 asubuhi unaona watoto wamejazana kituoni na gari linasimama hatua hamsini mbele yao. Ukiandika "makonda wana roho mbaya" hujaomba kitu. Ukiomba usimamizi wa trafiki kituoni asubuhi, au njia iongezewe magari saa za shule, umempa mtu kazi ya kufanya.

Barua ikiwa tayari, iambatanishwe na muhtasari wa mkutano wa mtaa au kijiji uliolipitisha jambo hilo, pamoja na orodha ya mahudhurio. Ukurasa huo unazuia ile kauli ya kwamba hao ni watu wachache wenye lao. Mwalimu mkuu na kamati ya shule nao waandike yao. Nakala aipate diwani, kwa sababu ndiye mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kata na ndiye atakayesimama barazani. Kisha chapisha nakala mbili, uende masjala, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usiiache mezani kwa mtu "atakayempa bosi". Ofisi inakumbuka kilichoingia kwenye faili tu.

Angalia na kalenda. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na mipango huanza kukusanywa miezi mingi nyuma. Ombi la mwezi Mei linakuta sahani zimeshapakuliwa. La Septemba au Oktoba lina nafasi ya kuingia.

Jibu mnaloweza kupata ni "itatekelezwa kulingana na upatikanaji wa fedha". Msilichukulie kama hapana, wala msilisherehekee kama ndiyo. Maana yake wamekubali kwamba kazi ni yao. Barua ya pili iwe fupi: itaje kumbukumbu namba na tarehe ya jibu lao, iulize kama tuta limeingizwa kwenye bajeti inayofuata, na nakala yake aipate diwani kabla ya kikao cha baraza cha robo mwaka, siku ambayo taarifa za kata husomwa kwa sauti.