Je, wajua kwa nini chuo kikuu cha umma Marekani hulipia ulinzi wa mgeni kisiyemtaka?

Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Florida, kilichopo Gainesville, kilipata ombi la kukodi ukumbi kutoka kwa shirika la Richard Spencer, Mmarekani aliyekuwa akidai Wazungu wawe na nchi yao peke yao. Agosti 12 mwaka huo, maandamano ya watu wa mrengo wake mjini Charlottesville yaliishia kwenye mauaji: dereva aliuvamia kwa gari umati uliokuwa ukiwapinga na kumuua mwanamke mmoja. Siku chache baadaye mkuu wa chuo, Kent Fuchs, alilikataa ombi lile. Wakili wa upande wa Spencer akatishia kwenda mahakamani, chuo kikarudi nyuma, na Oktoba 19 Spencer akapanda jukwaani. Kodi ya ukumbi ilikuwa dola 10,564. Ulinzi wa siku hiyo ulizidi dola 500,000, na mzigo huo ukabaki kwa chuo na serikali.

Mkuu wa chuo mwenyewe alikwisha kusema hadharani kwamba anachukizwa na maneno ya mgeni huyo. Mbona basi hakufunga mlango tu?

Chuo cha umma, mbele ya sheria ya Marekani, ni mkono wa serikali. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yanaikataza serikali kubana usemi wa mtu kwa sababu ya maoni yake, kwa hiyo yanakibana na chuo. Chuo binafsi hakifungwi hivyo. Kinaweza kumkatalia mtu kikalala usingizi. Lakini chuo cha umma kikishazoea kukodisha ukumbi kwa harusi, makongamano na wahubiri kutoka nje, kimeufungua kwa wote, na hakiwezi tena kuchagua wapangaji kwa kupima fikra zao.

Mipaka ipo, ila ni myembamba. Katika kesi ya Brandenburg ya mwaka 1969, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hata anayetetea vurugu hawezi kuzuiwa, isipokuwa maneno yake yamelenga kuchochea uvunjaji wa sheria papo hapo na yana uwezekano wa kweli wa kuuleta. Chuki peke yake haitoshi. Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, kilijaribu njia ya usalama mwezi Aprili 2017: kilifuta mkutano wa Spencer kwa kuhofia fujo. Jaji wa shirikisho akaamuru mkutano uendelee, kwani hofu ilikuwepo lakini ushahidi kwamba mgeni mwenyewe angechochea fujo haukuwepo.

Msomaji wa Nairobi ataona hapa sheria ya aina nyingine kabisa. Ibara ya 33 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda uhuru wa kujieleza na uhuru wa kitaaluma, kisha inautoa nje ya ulinzi huo usemi wa chuki, uchochezi wa vurugu na propaganda za vita. Huko Florida wakili wa chuo hakuwa na kifungu cha namna hiyo cha kushika.

Sasa turudi kwenye pesa, maana ndipo wengi wanapokwama. Kwa nini asitozwe Spencer mwenyewe hiyo nusu milioni? Jibu lilitolewa mwaka 1992 katika kesi ya kaunti ya Forsyth, Georgia. Kaunti ile ilikuwa na kanuni iliyomruhusu ofisa kupanga ada ya kibali cha maandamano, hadi dola 1,000 kwa siku, kwa kukadiria gharama za ulinzi. Mahakama ya Juu ikaibatilisha. Hoja yake ni nzito: ada ikipanda kulingana na hasira ya wapinzani, basi wanaopiga kelele ndio wanaopata kura ya turufu, kwa kuwa wakitishia vya kutosha wamemfanya msemaji ashindwe kulipa. Mwaka ule adhabu ingemwangukia mbaguzi. Miaka ya 1960 ingewaangukia watetezi wa haki za Weusi, ambao polisi wa Kusini wangefurahi mno kuwaandikia bili. Kwa sababu hiyo naiona hukumu ile kuwa sahihi, ijapokuwa inauma. Uingereza imefuata mkondo huohuo: sheria yake ya 2023 kuhusu uhuru wa kusema vyuoni inataka waandaaji wasibebeshwe gharama za ulinzi ila kwa hali za kipekee.

Kilichobaki mkononi mwa chuo ni saa, mahali na utaratibu, mradi kanuni ni moja kwa wote na imeandikwa kabla mgeni hajabisha hodi. Kanuni inayozaliwa wiki moja baada ya ombi kufika itaonekana mahakamani kuwa imetungwa kwa ajili ya mtu mmoja. Baada ya Spencer kuzungumza kwao Desemba 2016, Chuo Kikuu cha Texas A&M kilibadili kanuni: mtu wa nje hapati ukumbi mpaka adhaminiwe na kikundi kinachotambuliwa na chuo. Kanuni hiyo inasaidia, lakini haizibi kila tundu. Milo Yiannopoulos, mwandishi Mwingereza wa mrengo wa kulia, alialikwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kikundi cha wanafunzi wenyewe; usiku wa Februari 1, 2017 watu waliofunika nyuso wakavunja na kuchoma, mkutano ukafutwa, na chuo kikakadiria hasara ya dola 100,000.

Tiketi nazo zina mtego. Florida ilipanga kuzigawa yenyewe, mpaka kiwanda kidogo cha bia mjini kilipotangaza kumpa bia ya bure kila atakayeleta mbili. Ugawaji ukahamia kwa watu wa Spencer. Hata hivyo wengi wa walioingia ukumbini walikuwa wapinzani, wakamzomea hadi akashuka. Nje, baadaye, watu watatu waliokuja kumuunga mkono walikamatwa baada ya mmoja kuwafyatulia risasi waandamanaji, haikumpata mtu.

Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan kilifanya hesabu bora zaidi. Kiliposhtakiwa, kilikubali mapatano: Spencer atazungumza Machi 5, 2018, wanafunzi wakiwa likizo, katika jengo la maonyesho ya mifugo lililo pembezoni mwa chuo. Ngumi zilirushwa nje na polisi wakakamata watu, lakini ndani waliingia makumi machache tu. Mwezi huohuo Spencer alitangaza kusimamisha ziara zake za vyuoni.