Culion: mji ulioanza kama karantini

Culion, kisiwa cha kaskazini mwa Palawan nchini Ufilipino kilichokuwa koloni la kuwatenga wagonjwa wa ukoma, ilipata hadhi ya manispaa tarehe 19 Februari 1992, kwa Sheria ya Jamhuri namba 7193. Kabla ya hapo watu walikuwa wameishi, wameoana, wamezaa na kuzikana kisiwani kwa miaka 86 bila meya wala baraza lao la kuchaguliwa. Mimi hufundisha historia ya afya ya jamii, na wanafunzi wangu wakisikia Culion huuliza kwanza habari za dawa. Kwangu swali zito zaidi ni la utawala: mtu asiye na kosa lolote aliwezaje kunyimwa uraia wa kawaida kwa sababu ya ugonjwa?

Enzi za Wahispania palikuwa na kanisa lililozungukwa na ngome ya mawe juu ya bahari, na kuta zake zingalipo. Watagbanua, wenyeji wa visiwa vya Calamian, walikuwapo tangu kabla ya Wahispania. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ya Marekani ilikitenga kisiwa kiwe makao ya wagonjwa wa ukoma. Mei 1906 meli zilishusha kundi la kwanza, wagonjwa 370 kutoka Cebu. Mkuu wa afya, Victor Heiser, aliamini kwamba ukoma ungekwisha iwapo kila mgonjwa angetengwa, na sheria ya mwaka 1907 ikaruhusu kukamatwa kwa nguvu. Kufikia miaka ya 1930 walikuwa karibu 7,000, na Culion ikawa miongoni mwa makoloni makubwa kabisa ya ukoma duniani.

Tazama jinsi hofu ilivyopanga mji. Wafanyakazi wenye afya waliishi Balala, wagonjwa upande wa pili, na katikati pakawekwa malango yenye walinzi. Kuanzia mwaka 1913 zilitolewa sarafu za Culion peke yake, kwa dhana kwamba fedha iliyoshikwa na mgonjwa ingebeba ugonjwa. Leo tunajua kwamba ukoma huambukiza kwa shida sana, na kwamba takriban asilimia 95 ya watu wana kinga ya asili dhidi yake. Kwa hiyo sarafu zile hazikumkinga mtu yeyote. Ziliongeza kifungo tu, maana nje ya kisiwa hazikununua hata kipande cha mkate.

Linaloniuma kuliko yote ni suala la familia. Ndoa zilikatazwa, zikaruhusiwa, zikakatazwa tena, na watoto wachanga walitenganishwa na wazazi wao ili walelewe Balala. Mwaka 1932 wanaume wa koloni waliasi wakidai haki ya kuoa. Vitabu vingine huliita tukio hilo fujo. Mimi nalisoma kama siasa ya kwanza ya mji huu: watu wasio na sanduku la kura wakidai nyumba zao.

Dawa za salfoni zilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili, kisha mchanganyiko wa dawa uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981 ukaiponya Culion kwa kasi. Mwaka 2006, karne moja tangu meli zile, ukoma haukuhesabiwa tena kuwa tatizo la afya ya jamii kisiwani.

Manispaa ya leo ina barangay 14, ngazi ya chini ya serikali nchini humo, na watu zaidi ya 20,000. Wengi hutegemea uvuvi, na wengi ni wajukuu na vitukuu vya wagonjwa na wahudumu. Hospitali ya koloni sasa inatibu kila mtu. Kumbukumbu zake zimehifadhiwa katika makumbusho ya mji, na mwaka 2018 ziliingizwa katika rejista ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia kwa Asia na Pasifiki. Watalii wengi huishia Coron jirani, kwenye kupiga mbizi. Ukifika huko, ongeza safari ya boti hadi Culion na uyape makumbusho hayo siku nzima.