Kwa nini mwanafunzi huchora kijitu cha vijiti kabla ya kuandika msimbo?

Fungua ripoti ya mradi wa mwaka wa mwisho wa wanafunzi wa TEHAMA na hutakosa kukiona: kijitu chenye kichwa cha duara na mikono ya mstari, kimesimama kando ya maumbo ya yai yaliyoandikwa "Kusajili mwanachama", "Kuomba mkopo", "Kutoa ripoti". Mara nyingi kimechorwa usiku wa mwisho, mfumo wa kompyuta ukiwa umeshakamilika, kwa sababu msimamizi ameuliza michoro ya Sura ya Tatu iko wapi. Aliyekichora hivyo ana haki ya kuuliza: kama mfumo unafanya kazi bila mchoro, mchoro una faida gani?

Faida yake inategemea umechorwa lini. Mchoro wa mahitaji, yaani wa mambo ambayo watumiaji wanataka mfumo uwafanyie, unaochorwa mapema humwonyesha mchoraji asichokijua, akiwa bado na muda wa kurudi kuuliza. Hilo ni muhimu kwa sababu watu hawataji wanachokijua mno. Mpishi wa pilau atakutajia viungo vyote, kimoja kimoja, asikumbuke kukuambia uchambue mchele. Hajakuficha kitu. Kwake hiyo si hatua ya kutajwa.

Tuchukue mradi unaopendwa sana na wanafunzi wa Tanzania: mfumo wa kutunza kumbukumbu za kikundi cha kuweka na kukopa, vicoba. Asili ya utaratibu huu ni Niger, ambako shirika la CARE lilianza na vikundi vya wanawake mwaka 1991, kisha ukasambaa katika nchi nyingi za Afrika na kuvaa sura ya kila mahali. Wanachama hukutana kwa kawaida kila wiki. Katika vikundi vingi kila mmoja hununua hisa kati ya 1 na 5, na hisa zikagongwa muhuri kwenye kitabu chake. Anayetaka mkopo huomba mbele ya kikao. Mwisho wa mzunguko, ambao aghalabu ni mwaka mmoja, sanduku huvunjwa na watu hugawana kwa kadiri ya hisa zao.

Mwanafunzi anakwenda kwa mweka hazina na kumwuliza, "Mama, mngependa mfumo ufanye nini?" Anajibiwa: "Ututunzie hesabu za hisa, mikopo na faini, mwanangu, na utupe ripoti." Mistari miwili kwenye daftari, safari imekwisha. Baada ya miezi miwili mfumo upo, skrini zinapendeza, kikundi kinashukuru kwa dhati, na wiki inayofuata kinaendelea na daftari lake.

Sasa turudi nyuma tumpe penseli kabla ya kompyuta.

Anachora kijitu cha kwanza na kukiandika "Mweka hazina". Kanuni ya mchoro huu inamlazimu aulize ni nani mwingine anayeugusa mfumo. Anaongeza mwenyekiti, katibu, mwanachama wa kawaida. Mtu mmoja kikaoni anamkumbusha: na watunza funguo watatu? Anawachora. Kisha anatafuta yai la kuwaunganisha nalo, hapati. Vijitu vitatu vimesimama peke yao pembeni mwa karatasi, havina kazi.

Kulifichua pengo kama hilo ndiyo sababu ya kuchora. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu, na kila ufunguo hukaa na mwanachama mwingine, ili asiwepo mtu mmoja awezaye kulifungua peke yake. Linafunguliwa kikaoni, fedha zinahesabiwa mbele ya macho ya wote, na salio linatajwa kwa sauti ili hata asiyejua kusoma aondoke nalo kichwani. Hakuna aliyemwambia mwanafunzi kwamba mfumo unahitaji idhini ya watu watatu, kwa kuwa kufuli zipo, kila mtu anaziona. Akihamishia hesabu zote kwenye kompyuta yenye nywila moja ya mweka hazina, atakuwa ameziondoa kufuli zote tatu kwa mpigo, na kikundi kitahisi hatari hiyo hata kama hakina maneno ya kitaalamu ya kuieleza. Ndiyo maana kilirudi kwenye daftari.

Wazo la kuanza na mtu na shabaha yake lilitoka kwa Ivar Jacobson, mhandisi wa Sweden aliyefanya kazi Ericsson kwenye mitambo ya simu, na alilichapisha mwaka 1987. Jina la kwanza alilolipa lilikuwa la Kiswidi, användningsfall. Alipolitafsiri neno kwa neno kwa Kiingereza halikukaa vizuri, ikabidi atafute jingine: use case. Nalitaja hili kwa sababu wanafunzi wetu hudhani istilahi za fani hii zilizaliwa kwa Kiingereza na haziwezi kusemwa kwa lugha nyingine. Huyu alifikiri kwa lugha yake. Nawe ukienda kwenye kikundi na mchoro ulioandikwa kwa Kiswahili, wanachama watausoma na watakusahihisha. Ukienda nao kwa Kiingereza wataitikia kwa kichwa kwa heshima, na utaondoka na makosa yako yote.

Kuhusu yanayoandikwa ndani ya mayai, nina msimamo. "Kuingia kwa nywila" si haja ya mtu. Hakuna mwanachama anayefunga safari kuja kikaoni ili aandike nywila. Anakuja kununua hisa, kuomba mkopo, kujua salio lake. Yai likibeba jina la ukurasa wa programu badala ya jambo ambalo mtu alikuja kulikamilisha, ujue mchoraji ameanza kufikiria skrini.

Mchoro wa pili ni wa data. Mwanasayansi wa kompyuta Peter Chen aliueleza mwaka 1976, na kiini chake ni visanduku vya vitu tunavyotunza habari zake na mistari ya uhusiano wake. Mstari mmoja una uwezo wa kuzua mjadala wa nusu saa. Chora "Mwanachama" na "Mkopo", waunganishe, na mara moja mchoro unakudai: mwanachama mmoja anaruhusiwa mkopo mmoja au mingi kwa wakati mmoja? Umwulize mweka hazina atasema mmoja. Umwulize katibu anaweza kukuambia miwili, mradi wa pili uwe wa dharura. Hapo hujakosea kuuliza. Umegundua kwamba kikundi chenyewe hakijakubaliana, na kompyuta haiwezi kuamua kwa niaba yao. Peleka swali kikaoni, wajadiliane, uandike walichoafikiana.

Kisanduku ambacho wengi hukisahau ni "Mkutano". Wanamwekea mwanachama sehemu moja ya "jumla ya hisa" na kuiongeza kila anaponunua. Inafanya kazi siku ya kuonyesha mradi. Lakini hisa hununuliwa katika mkutano fulani, faini ya kuchelewa ni ya mkutano fulani, na mwanachama akidai, "Wiki ile nilinunua tano, mmeniandikia tatu," jumla haiwezi kumjibu. Kadhalika "Mzunguko": wakishagawana, hisa huanza sifuri, na kumbukumbu za mwaka uliopita zisipotee. Halafu kuna mfuko wa jamii, wa misiba na maradhi, ambao huwekwa kando ndani ya sanduku hilohilo. Ukiuchanganya na hisa kwenye hifadhidata umevunja mpaka ambao kikundi kimeulinda kwa mikono.

Mchoro wa tatu ndio ninaoupenda kuliko yote, na ndio unaoachwa mara nyingi: mchoro wa hali. Chukua kitu kimoja tu, mkopo, ukifuate tangu kuzaliwa hadi kufa. Umeombwa. Umeidhinishwa. Umetolewa. Unarejeshwa. Umelipwa. Kila hali ni kisanduku, kila mshale ni tukio linalousogeza. Kisha pita kwenye kila kisanduku ukiuliza: nini kingine kinaweza kutokea hapa? Umeidhinishwa lakini fedha sandukuni hazitoshi leo. Unarejeshwa lakini mwanachama amehama. Umechelewa, na kutoka hapo mshale unakwenda wapi? Na swali linalouma: mwanachama amefariki akiwa na deni. Wadhamini wanalipa? Linakatwa kwenye hisa zake kabla familia haijapewa zilizobaki? Vikundi vina desturi zake juu ya hili, wakati mwingine za huruma kubwa, ila hazitatajwa ukiuliza tu "mngependa mfumo ufanye nini". Zinajitokeza pale mtu anapoona kisanduku kisicho na njia ya kutokea.

Gharama ya kuliacha swali la namna hiyo inajulikana. Tarehe 26 Oktoba 1992, London Ambulance Service, idara ya magari ya wagonjwa ya jiji la London, iliwasha mfumo mpya wa kompyuta wa kupanga gari lipi liende wapi. Mfumo ulitaka kujua wakati wote kila gari liko wapi na lina hali gani, na wahudumu walitakiwa kubonyeza vitufe kwa mpangilio katika kila hatua. Mpangilio ukikosewa, au mawasiliano ya redio yakiwa hafifu, kompyuta ilibaki na picha isiyo ya kweli. Ikatuma magari mawili kwenye tukio moja, au gari la mbali wakati la karibu lipo. Tahadhari zikajaa kwenye skrini kupita uwezo wa kuzisoma. Waliochelewa kufikiwa wakapiga simu tena, simu zikaongezeka, mzigo ukazidi. Kesho yake mchana wakarudi nusu kwenye utaratibu wa zamani wa mikono, na tarehe 4 Novemba mfumo ukakwama. Ripoti ya uchunguzi ya mwaka 1993 ilitaja sababu nyingi, na miongoni mwake ni kwamba wahudumu na watumiaji wengine hawakushirikishwa vya kutosha. Ninaamini kwamba mhudumu mmoja wa gari, akiketi mbele ya mchoro wa hali wa gari lake, angeuliza ndani ya dakika tano: na tukisahau kubonyeza?

Michoro haibebi kila kitu. Kuna mahitaji yanayohusu namna mfumo unavyofanya kazi: umeme unakatika, wanachama wengine wana simu za batani, wengine wanasoma kwa shida. Haya yaandikwe kwa sentensi zinazoweza kupimwa. "Mfumo uwe rahisi" hakuna awezaye kuujaribu. "Mwanachama mwenye simu ya batani apate salio lake kwa SMS kabla kikao hakijafungwa" unaweza kuujaribu Jumamosi ijayo. Liwekwe na la sheria pia: Tanzania, tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi vya namna hii vimo katika daraja la nne na vinatakiwa kusajiliwa, kwa hiyo uliza kikundi kinatakiwa kupeleka kumbukumbu gani, kwa nani.

Wanafunzi huniuliza wachore mingapi. UML, lugha ya michoro iliyokubaliwa kuwa kanuni mwaka 1997 kutokana na kazi ya Jacobson, Grady Booch na James Rumbaugh, ina aina 14 za michoro katika matoleo yake ya sasa. Kwa mradi wa kikundi kimoja, mitatu hii inatosha, ikichorwa kwa penseli na kurudishwa kikaoni mara mbili au tatu. Programu ya kuchorea ije baadaye. Mchoro uliopigwa chapa vizuri huwatia watu haya ya kuukosoa, ilhali ule wa penseli huwaalika waishike penseli wenyewe wafute.

Usitupe karatasi za mwanzo. Ziandikie tarehe, na pembeni mwa kila mstari uliobadilika andika ni kikao kipi kilichoubadilisha. Siku ya kuutetea mradi, mtahini akiuliza kwa nini malipo hayatoki hadi watu watatu waidhinishe, mfunulie karatasi ya kwanza, yenye vijitu vitatu pembeni visivyo na kazi.