Jiwe, mbuzi na mtawanyiko

Mwezi wa kumi hapa Dodoma, saa nane mchana, mawe ya vilimani hayakaliki. Chini ya mgunga mbuzi wamejilaza, mdomo wazi, wanahema. Nafanya kazi ya takwimu za mifugo, na wanafunzi wangu huanzia hapo: pimeni joto la jiwe na la mbuzi, alfajiri mpaka jioni, kisha mniambie namba zinaonyeshaje kipi kina uhai.

Wengi hukimbilia wastani. Wastani hautasaidia, maana wa jiwe nao unaweza kuangukia nyuzi 39 kama wa mbuzi. Angalia mtawanyiko, yaani namba zinavyoachana. Jiwe linafuata jua, linapanda nalo na kushuka nalo. Mbuzi mwenye afya hubaki kati ya nyuzi 38.5 na 39.5 hivi, kuwe na baridi au jua kali.

Lakini usifunge daftari. Msogelee mbuzi, hesabu mbavu zake zinavyopanda na kushuka kwa dakika moja. Kwenye ubaridi, akiwa ametulia, anapumua mara 15 hadi 30. Kwenye joto hupita 100. Kumbe yale mabadiliko hayakupotea, yamehamishwa: joto la damu limetulia kwa sababu mapafu yanahangaika. Safu moja ya namba haisogei, ya pili inaruka, na lazima uzisome pamoja. Mfugaji anayengoja joto la mwili lipande ndipo apeleke mifugo kivulini amechelewa. Mnyama amekwisha kupoteza maji mengi.

Walter Cannon, mwanafiziolojia wa Marekani, ndiye aliyeupa utulivu huu jina la homeostasisi, mwaka 1926. Mbuzi akifa, nyama ni ileile na mifupa ileile, ila usiku huohuo joto lake linaanza kuifuata hewa kama jiwe.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza: na jokofu je? Swali zuri sana. Jokofu nalo hutuliza ndani kwa kuhangaisha mota. Ila kiwango cha jokofu amekipanga fundi. Cha mbuzi kimetokana na vizazi vilivyotofautiana, vingine vikastahimili na kuzaa, vingine vikaishia njiani. Mwaka 1918 R. A. Fisher, mwanatakwimu wa Uingereza, alionyesha namna ya kuugawa mtawanyiko wa sifa kama hizo kwa kulinganisha ndugu na wazazi. Ndiyo maana katika daftari letu kila mbuzi ana safu mbili zaidi, namba ya mama na namba ya beberu. Mbele ya jiwe safu hizo tunaziacha wazi.