Uwakili: kwa nini Mkristo huambiwa mali si yake

Msimamizi wa mirathi ni mtu anayefahamika karibu kila familia. Mtu amefariki, arobaini imepita, ukoo umekaa kikao na kumpendekeza baba mdogo, mahakama ya mwanzo ikamthibitisha. Nyumba za kupangisha, shamba, gari la marehemu, vyote viko mikononi mwake. Anakusanya kodi, anatia saini, anashika funguo. Hakuna hata kimoja kilicho chake, na iko siku atatakiwa kupeleka hesabu. Ugomvi huanza pale baba mdogo anaposahau hilo.

Mkristo anapozungumzia uwakili, anamaanisha kwamba kila aliyeshika mali yuko katika nafasi ya huyo baba mdogo, na mwenye mali hasa ni Mungu. Fundisho hilo ndilo linaloongoza anavyokitazama kifo na anavyotoa alichonacho.

Neno lenyewe huwachanganya watu, kwa sababu leo ukisema wakili, mtu anamwona mwenye joho mahakamani. Lakini wakili, neno tulilolipata kwa Waarabu, ni yeyote aliyekabidhiwa jambo la mwenzake alitende kwa niaba yake. Katika Kigiriki cha Agano Jipya ni oikonomos, msimamizi wa nyumba ya bwana, ambaye mara nyingi alikuwa mtumwa, ingawa ndiye aliyeshika mfuko na ghala. Katika Luka 16 tajiri anamwita mtu wa namna hiyo na kumwambia, "Toa hesabu ya uwakili wako."

Kifo kinaingiaje hapa? Soma Luka 12, habari ya tajiri ambaye shamba lake lilizaa sana. Hatuambiwi kwamba aliiba wala kwamba alimdhulumu kibarua. Alivuna tu, akakosa pa kuweka. Sasa msikilize anavyojisemea: mavuno yangu, ghala zangu, nafaka yangu, vitu vyangu, mpaka nafsi yangu. Kila kitu ni -angu. Usiku huohuo Mungu anamwita mpumbavu na kumwambia kwamba roho yake inatakiwa. Je, alivyojiwekea vitakuwa vya nani? Kitenzi cha Kigiriki kilichotumika hapo kwa "kutaka" ndicho cha mtu anayedai alichokopesha. Kumbe hata hiyo nafsi aliyokuwa akiibembeleza ipumzike, ile, inywe na kufurahi, ilikuwa ya mkopo. Kifo hakikumnyang'anya kitu. Mwenye mali alikuwa anachukua chake.

Kwa hiyo utoaji, kwa mtazamo huu, ni kufuata maagizo ya mwenye mali, naye amekwisha kusema anawajali akina nani: mjane, yatima, mgeni, mwenye njaa. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, makanisa yetu mengi yamelifupisha neno. Ukisikia tangazo la "semina ya uwakili", unajua kinachokuja ni bahasha, ahadi na zaka, ambayo wengine huiita fungu la kumi la mapato. Wale wanaohubiri "panda mbegu uvune mara mia" wamepotoka zaidi, maana wamemgeuza wakili kuwa mfanyabiashara anayemkopesha bosi wake kwa riba. Swali la uwakili linayafuata hata yale mafungu tisa yaliyobaki mfukoni.

John Wesley, mhubiri wa Kiingereza aliyeanzisha Wamethodisti, alifundisha mwaka 1760 kwamba Mkristo apate kadiri awezavyo, abane matumizi kadiri awezavyo, kisha atoe kadiri awezavyo. Alisimulia pia habari ya kijana aliyepata pauni 30 kwa mwaka, akaishi kwa 28, akatoa 2. Mwaka uliofuata alipata 60. Akaishi kwa 28 zilezile, akatoa 32. Wa tatu alipata 90, wa nne 120, na matumizi yake hayakupanda: mwaka huo wa nne maskini walipata 92. Wengi huamini kijana huyo alikuwa Wesley mwenyewe. Wengi wetu mshahara ukiongezeka shilingi laki moja, tayari tumeshaitafutia kazi kabla haijaingia benki.

Asiye na mshahara naye ana uwakili wake. Katika sharika nyingi za Kilutheri Tanzania, ibada ikiisha watu hawatawanyiki mara moja. Hutoka nje kwenye mnada, kwa sababu waliokosa fedha wameleta sadaka ya walichonacho: mkungu wa ndizi, debe la mahindi, kuku aliyefungwa miguu. Mzee wa kanisa ananyanyua mayai matatu ndani ya kibakuli na kuanza kunadi. Elfu mbili! Elfu tatu! Anayeshinda analipa bei ambayo dukani ingempa mayai mengi zaidi, fedha inaingia kwenye hesabu ya sadaka, kisha mara nyingine anavuka uwanja na kumpa bibi mmoja aliyekaa kwenye benchi kibakuli chote, ambaye pengine ndiye aliyekileta.